Yule Askari wa Posta si wa JWTZ

Kila ikikaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, picha ya Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam, eneo la Posta, pale Samora inapokutana na Maktaba, huanza kuzunguka kwenye simu za watu. Chini yake huandikwa dua za kuwaombea vijana wetu waliompiga Nduli Idi Amin, au wazee waliopigania Uhuru. Wapo wanaoapa kwamba yule ni Samora Machel mwenyewe akiwa msituni, kwa kuwa amesimama kwenye barabara yenye jina lake. Na hawakosekani wanaodai ni askari wa Mjerumani, kwa hiyo ang'olewe leo hii.

Tuanze na majibu mafupi. Si Samora: sanamu iliwekwa mwaka 1927, na Samora alizaliwa 1933. Barabara yenyewe wakati huo iliitwa Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikawa Independence, jina la Samora likaja baadaye. Si wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa sababu JWTZ ilianzishwa Septemba 1, 1964. Na si wa Mjerumani. Yule ni askari wa King's African Rifles, kwa kifupi KAR, jeshi la Waafrika chini ya maofisa wa Kiingereza. Vita anayoikumbuka ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918.

Majibu marefu ndiyo yenye utamu, na uchungu pia.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Mnara wa kumbukumbu ya vita ni alama tu. Chini yake hajazikwa mtu, na pale Posta hakuna mfupa hata mmoja. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa sana: nahodha akipotelea baharini na mwili usipatikane, matanga hukaliwa vilevile, dua husomwa, wala hakuna anayeuliza kaburi liko wapi. Mnara wa vita ni matanga ya namna hiyo, ila yamechongwa kwa shaba na kuachwa barabarani.

Makaburi ya vita ni kitu kingine. Dar es Salaam yapo kando ya barabara ambayo leo ni ya Ali Hassan Mwinyi, mawe yamepangwa kwa mistari, majani yamefyekwa. Yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 yalipolazimika kuhamishwa kutoka upande wa Ocean Road ili kupisha ujenzi wa barabara. Hapo ndipo wanadiplomasia na maofisa wa jeshi hukutana mwezi Novemba kuweka mashada.

Cha tatu ni mnara wa mashujaa wa taifa. Kwa miaka mingi shughuli yake ilifanyika viwanja vya Mnazi Mmoja, na siku hizi mara nyingi Dodoma. Ukitazama televisheni siku hiyo utaona Rais akiweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi akiweka sime, halafu upinde na mishale, shoka, mashada ya maua, na viongozi wa dini wakiomba kwa zamu. Ni ibada yetu wenyewe, na silaha zinazowekwa ni za babu zetu. Wanaokumbukwa hapo ni wa Tanzania: waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambao wengi wamelala Kaboya mkoani Kagera, waliokufa Msumbiji, ambao wana makaburi yao Naliendele, Mtwara, na wengine wa kabla na baada ya hapo.

Kwa hiyo tarehe ni mbili. Julai 25 ni ya taifa. Novemba 11 ni ya wale wa vita vya dunia, kwa sababu siku hiyo mwaka 1918, saa tano asubuhi, bunduki zilinyamaza Ulaya. Nimesema Ulaya. Huku kwetu Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Mjerumani alikuwa bado anapigana upande wa Rhodesia ya Kaskazini, habari hazijamfikia. Alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25. Vita iliyoanza kwa ugomvi wa wazungu iliishia porini kwetu, majuma mawili baada ya wenyewe kupeana mikono.

Sasa tumtazame askari mwenyewe. Amevaa kaptula, mguu mmoja umetangulia, bunduki ameishika kwa mikono miwili, na singe imeelekea bandarini. Si mtu aliyesimama gwaride, anakwenda kushambulia. Aliyemchonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, na shaba ilimiminwa London kabla ya kupakiwa melini kuja huku. Mchongaji huyohuyo alitengeneza sanamu za Mombasa na Nairobi za vita hiyohiyo, ndiyo maana anayezijua zote tatu huona zinafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Kwenye msingi kuna maandishi kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini, na kwa herufi za Kiarabu pia, ambazo wakati ule ndizo wengi wa pwani walizozisoma. Yanasema kumbukumbu hiyo ni ya askari Waafrika waliopigana, ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika Afrika ya Mashariki. Mwisho linakuja lile neno ambalo kila ninapolisoma hunikera kidogo: kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Aliyetunga maneno hayo kwa Kiingereza ni Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa enzi hizo. Hakuwa mgeni wa msiba. Mwanawe wa kiume, John, alipotea kwenye mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba alikufa bila mwili kupatikana. Alijua maana ya kubaki na jina tu. Hata hivyo, zunguka msingi wa sanamu ile mara ngapi utakavyo, hutakuta jina la askari hata mmoja.

Mfalme wao, nchi yao

"Mfalme wao" ni nani? Alikuwa George wa Tano wa Uingereza. Na hapo ndipo utata wa upande unapoanza, kwa sababu mwaka 1914 Dar es Salaam ilikuwa mji mkuu wa koloni la Mjerumani, na mfalme aliyetajwa katika ofisi zake alikuwa Kaisari Wilhelm. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Vijana wa bara na pwani ya Tanganyika walioshika bunduki miaka miwili ya mwanzo, wengi wao walikuwa jeshi la Mjerumani. Waliopigana nao walitoka Kenya, Uganda na Nyasaland (leo Malawi), na wengine Nigeria na Gold Coast (leo Ghana). Kutoka magharibi lilikuja jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ambalo liliichukua Tabora mwezi huohuo wa Septemba 1916. Halafu, vita ikiendelea, askari waliotekwa kutoka kwa Mjerumani waliandikishwa KAR na kugeuzia bunduki upande waliotoka.

Unaona sasa kwa nini swali la "alikuwa askari wa nani" halijibiki kwa neno moja. Mwaka 1914 KAR ilikuwa na askari kama 2,400 tu. Vita ilipokwisha walikuwa zaidi ya 30,000. Wengi wao walikuwa watu wa mshahara. Waliingia kwa sababu ya posho, kwa kufuata kaka, kwa kukimbia kodi, au kwa kutaka tu kuwa mtu mbele za watu. Wanaowaita vibaraka huwa wanasahau kwamba mwaka 1914 hapakuwa na Tanzania ya kusalitiwa, wala Kenya. Wanaowaita wapigania uhuru nao wanawavisha nguo ambayo hawakuishona. Uhuru haukuwamo katika hesabu za vita ile. Mjerumani alitoka, Mwingereza akakaa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba huyu hakuwa wa kwanza kuchongwa mjini humu. Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam mwaka 1909 sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza jeshi lililomwangusha Abushiri bin Salim, kiongozi wa watu wa pwani waliowapinga Wajerumani, hata Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Pale palikuwa na askari Mwafrika pia, lakini chini, miguuni pa bwana, akimtazama juu. Baada ya vita Waingereza waliibeba, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wa huko wakaiangusha, mara ya kwanza 1967, halafu tena 1968. Ukiziweka mbili hizo pamoja utaona mabadiliko: wa 1927 yuko peke yake juu ya jiwe, hakuna mzungu juu yake. Kwa mwaka ule hilo halikuwa jambo dogo, ingawa jiwe lenyewe lililipiwa na mkoloni.

Waliokufa zaidi hawakushika bunduki

Dhana iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba waliokufa kwa wingi ni askari. Hapana. Ni wapagazi, na kwa mbali sana.

Hesabu yake ni rahisi. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Barabara za magari zilikuwa chache, na mvua za masika zilizigeuza tope. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 25. Naye anakula. Tuseme anahitaji kilo moja ya unga kwa siku: akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, karibu mzigo wote ameumaliza mwenyewe, na askari aliyeko mbele amebakiziwa kilo moja tu. Kwa hiyo nyuma ya kila askari mmoja ilibidi wapangwe wapagazi wengi, na nyuma ya hao, wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Kadiri Lettow-Vorbeck alivyozidi kukimbilia kusini, Rufiji, Lindi, hadi ng'ambo ya Ruvuma, mnyororo ulirefuka, na posho ya kila siku ikapunguzwa ili chakula kifike. Watu waliozoea ndizi au wimbi walipewa unga wa mahindi ambao haukuiva vizuri, wakalala mvuani bila blanketi. Kuhara damu, malaria na kichomi vilifanya kazi ambayo risasi haikuifanya.

Kwa upande wa Uingereza pekee walipita katika kazi hiyo watu wapatao milioni moja. Hesabu za serikali yenyewe ya Uingereza zilifika wapagazi kama 95,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona walizidi hapo. Wengi hawakwenda kwa hiari. Kenya, mwaka 1917, ulifanyika msako wa nchi nzima chini ya John Ainsworth, machifu wakapewa idadi ya vichwa vya kutoa. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa kwenye jengo la soko waliloliacha Wajerumani, na jina la kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, tunalitamka hadi leo tukiita daladala ya Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao.

Wale wa upande wa Mjerumani hakuna aliyewahesabu vizuri. Na raia nao? Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita yakizoa nafaka na ng'ombe, iliingia njaa ya Mtunya kuanzia 1917, ikaua maelfu kwa maelfu. Hakuna sanamu yao popote.

Hapa mimi naona Nairobi walimzidi Dar. Sanamu yao ya Kenyatta Avenue ina watu watatu, na mmoja ni mpagazi. Mombasa pia yumo. Dar wapagazi wametajwa kwenye maandishi, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki, na wapita njia wengi hawasomi maandishi.

Kwa nini hakuna majina

Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya kushughulikia makaburi ya waliokufa vitani, ambayo leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa nzuri sana kwa wakati ule: kila aliyekufa apate jiwe lake au jina lake lichongwe ukutani, bila kujali cheo, rangi wala dini. Ndiyo maana ukienda Ufaransa au Ubelgiji utakuta kuta ndefu zimejaa majina ya watu wa kawaida kabisa.

Huku kanuni hiyo ilivuka bahari ikachoka njiani. Maofisa walishauriana wakaamua kwamba kwa Waafrika inatosha kuweka sanamu moja mjini, ya jumla. Sababu walizotoa ni kwamba wenyeji hawajafika kiwango cha kuthamini jiwe la kaburi, na kwamba kumbukumbu za majina hazikukaa vizuri. Gavana wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, aliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Yakarudi. Voi, nchini Kenya, wazungu wana mawe yao ndani ya uzio, na Waafrika walizikwa nje yake bila alama.

Hoja ya kwamba majina hayakuwepo ni nusu ukweli. Wapagazi wengi waliandikishwa kwa namba na majina ili walipwe. Kilichokosekana ni nia ya kuyatunza. Ushahidi wake ni vita ya pili. Kwa vijana wetu waliokufa Ethiopia, Madagaska na Burma kati ya 1939 na 1945, majina yaliandikwa: yapo kwenye mnara wa makaburi ya vita Nairobi, Ngong Road, na yapo Taukkyan huko Burma. Jeshi lilikuwa lilelile la KAR na karatasi zilikuwa zilezile, ila nia ilibadilika.

Suala hili lilikaa kimya hadi 2019, mbunge wa Uingereza David Lammy alipolifanyia kipindi cha televisheni. Tume ikaunda kamati, na taarifa ya kamati ikatoka Aprili 2021. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya hao ni wa Afrika ya Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Tangu hapo majalada ya zamani yamekuwa yakifunguliwa, yakiwemo ya jeshi la Kenya, na majina yameanza kutoka.

Basi, ang'olewe?

Naielewa hasira ya wanaosema ndiyo. Lakini ukiiondoa sanamu ile umeondoa mahali pekee katikati ya jiji panapotaja, hata kwa neno moja, kwamba wapagazi walikuwepo. Wissmann kuondoka sawa, alikuwa bwana. Huyu ni mtu wetu aliyekwenda kufa kwa ugomvi usio wake. Ningependa zaidi aongezewe kuliko apunguzwe: mpagazi awekwe pembeni yake, na kibao cha Kiswahili cha leo kinachosomeka kutoka kwenye njia ya miguu, kieleze vita gani, mwaka gani, na wangapi.

Kwa sasa, mwenye babu au babu wa babu anayesemekana alikwenda "vita ya Mjerumani" anaweza kuanza na mambo mawili. Orodha ya majina ya Tume ipo kwenye mtandao na kuitafuta ni bure. Jaribu tahajia zaidi ya moja, kwa sababu karani wa Kiingereza aliandika alichosikia, na Mwinyimkuu angeweza kugeuka chochote. Jina likikosekana na familia ina ushahidi, Tume hupokea maombi ya kuongeza. Na kama nyumbani kuna nishani ya zamani kwenye sanduku, msiisugue sana: tazama ukingo wake, si uso. Nishani za Uingereza za vita ile nyingi zilichongwa pale jina, namba na kikosi cha mwenyewe.